“Dipresheni ni ya Wazungu”: Hiyo Kauli Ilitoka Wapi?

Ukikulia Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya ama Nanyuki, hii kauli umeisikia. Anko anaitoa kwenye ruracio akiwa ameshika kikombe cha chai. Mwalimu anaitoa darasani. Wakati mwingine ni mathe mwenyewe, jioni, akisonga ugali: “Dipresheni ni ya wazungu. Sisi Waafrika hatuna hiyo kitu.” Halafu ushahidi unafuata mbio mbio. Guka yenu alilala kizuizini. Shosho alilea watoto wanane peke yake. Hakuna aliyelia. Nyinyi mnalia juu bando imeisha.

Siwakasirikii wanaosema hivyo. Wengi wao wananipenda na wananilipia karo. Lakini mimi ni mtu wa kuuliza kitu kilianza wapi, na hii kauli ilinisumbua kwa sababu inasemwa kama vile ni hekima ya mababu, kitu Gikuyu na Mumbi walituachia pale Mukurwe wa Nyagathanga. Nimetafuta. Haiko kwenye methali ninazozijua, na wazee niliowauliza hawakuisikia kwa wazazi wao. Mahali nilipoipata imeandikwa waziwazi, tena kwa lugha ya kitaalamu, ni kwenye kazi za daktari mzungu aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni. Eti sisi ndio tunairithisha.

Tuende polepole hapa.

Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza 1910. Kabla ya hapo palikuwa mahali pa kutenga wagonjwa wa ndui. Serikali ikapageuza kuwa mahali pa kufungia watu iliowaita vichaa, na jina la kwanza kwa Kiingereza lilikuwa Nairobi Lunatic Asylum. Jina la Mathari lilikuja 1924. Mwaka 1938 akapewa kuisimamia daktari mmoja anayeitwa John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali; mafunzo ya magonjwa ya akili alikuja kuyapata baadaye, akiwa tayari kazini. Alikaa hapo mpaka 1950.

Carothers alihesabu wagonjwa waliokuwa wakiletwa Mathari, akaona wenye unyogovu, yaani dipresheni yenyewe, ni wachache mno. Akahitimisha kwamba Mwafrika ni nadra kuupata. Kwa nini? Kwa maoni yake Mwafrika hana ule uzito wa kubeba lawama moyoni na kujihukumu. Mwaka 1951 aliandika makala akilinganisha akili ya Mwafrika na ya mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Soma hiyo tena kama umeipita haraka. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na kwa muda mrefu kikasomwa na madaktari kama kitu cha kuaminika.

Sasa hesabu yake ilikuwa na shimo ambalo hata mtoto wa fomu tuu angeliona. Nani alikuwa anapelekwa Mathari miaka ya 1940? Ni mtu aliyepiga watu sokoni, aliyevua nguo barabarani, aliyewasumbua polisi. Mama wa Tetu ambaye ameacha kula, haongei, amekaa nyuma ya nyumba tangu mvua ianze, nani angempakia kwenye lori mpaka Nairobi? Huyo alibaki kwao. Kwa hiyo kwenye vitabu vya Carothers hayuko, na kwa kuwa hayuko kwenye vitabu, ikasemekana hayuko duniani. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria, alimpinga. Frantz Fanon, aliyekuwa akitibu watu Blida, Algeria, wakati wa vita vya uhuru kule, naye alimtaja na kumjibu katika kitabu chake cha 1961. Lakini sisi huku mlimani majibu hayakutufikia. Kilichotufikia ni ile kauli yenyewe, bila jina la mwenyewe.

Na hadithi ya Carothers haikuishia Mathari. Mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya Kenya ilimwomba aieleze Mau Mau kama daktari. Akaandika kijitabu, The Psychology of Mau Mau, kikachapishwa na mpiga chapa wa serikali Nairobi. Humo Mau Mau inaelezwa kama tatizo la akili za watu waliovuka kutoka mila kwenda usasa wakakwama katikati. Ardhi iliyochukuliwa inakuwa jambo la pembeni. Na katika mapendekezo yake aliunga mkono watu waondolewe kwenye maboma yao na kuwekwa vijijini, akiona ni jambo zuri hata la kudumu. Sisemi yeye ndiye aliyebuni hilo; Waingereza walikuwa wamelifanya Malaya dhidi ya waasi wa kule, na maofisa wa hapa walikuwa tayari wamelianza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetuambia hatuna huzuni ya ndani ndiye huyo huyo aliyesaidia kuhalalisha kitu kilichoijaza nchi yetu huzuni.

Hicho kitu ni gichagi.

Nyinyi mnalijua hilo neno. Desemba ikifika kila mtu anaweka stori, “tumeshuka gichagi.” Siku hizi hata jamaa wa Kisumu na Machakos wanalisema, limeingia Sheng. Ni neno la Kiingereza, village, lililokaa kwenye mdomo wa Kikuyu. Lakini mtaje mzee wa miaka themanini na kitu neno hilo, kisha umwangalie usoni. Kwake gichagi si mahali pa kuchoma nyama na binamu. Kabla ya Emajensi, kama wazee wanavyoiita, watu wetu hawakuishi vijijini. Kila familia ilikuwa na boma lake kwenye mgongo wake wa kilima, mashamba yakishuka mpaka mtoni, jirani anaonekana ng'ambo lakini si wa kukusikia ukikohoa.

Juni 1954 serikali iliamua kuwaondoa wote. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee, walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji zaidi ya 800 hapa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Kirinyaga, na sehemu za Meru. Nyumba za zamani zilichomwa ama kubomolewa. Vijiji vilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha na ua wa seng'enge, kukiwa na mnara wa walinzi na saa maalumu ya kutoka na kuingia. Walinzi wenyewe walikuwa watu wetu, homugadi, mara nyingi jamaa wa kilima hicho hicho. Mchana wanawake walitolewa kwa kazi ya lazima, na moja ya kazi hizo ilikuwa kuchimba handaki refu kwenye ukingo wa msitu, ili waliokuwa Nyandarua na Mlima Kenya wasipate chakula. Saa iliyobaki ya kwenda shambani ilikuwa ndogo. Njaa iliingia, na watoto walikufa.

Shosho yangu alikuwa na kama miaka tisa hivi. Akiongea kuhusu gichagi, anaongea vitu viwili tu. Cha kwanza, jinsi walivyojaa kwenye nyumba moja mpaka mtu akigeuka usingizini wote wanageuka, hapo hucheka. Cha pili, kengele. Kulikuwa na kengele ya asubuhi. Mpaka leo kengele ya shule ya jirani ikilia, anaacha anachofanya, anasimama sekunde mbili hivi, halafu anaendelea. Nilikua nikiona hiyo nikidhani ni kawaida ya wazee. Nilimuuliza siku moja kuhusu mtu wa tatu kwenye ile hadithi, maana kila mara huanza “tulikuwa watoto wanne” halafu anaendelea na majina matatu. Aliniuliza kama nimelisha ng'ombe.

Sijawahi kumlazimisha. Na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoelewa kwa nini kwa watu wa rika lake kuongea kulikuwa hatari kuliko kunyamaza.

Fikiria mambo yalivyokuwa. Wakati wa msako watu walipangwa mstari, na mbele yao akaletwa mtu aliyefunikwa gunia kichwa mpaka chini, matundu mawili ya macho. Waliitwa gakunia, yaani kigunia. Hujui ni nani humo ndani. Anaweza kuwa shemeji yako. Akitikisa kichwa mbele yako, umeenda. Ukifika kizuizini, Manyani ama Mwea ama Hola, kulikuwa na ngazi ya kambi, na kitu kilichokupandisha kutoka kambi mbaya kwenda nzuri kidogo, mpaka ukakaribia nyumbani, kilikuwa kimoja: kukiri. Useme ulikula kiapo, useme ulikula na nani. Waliokataa walivunjwa kwa viboko. Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 walipigwa mpaka kufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadokeza kwamba ni maji waliyokunywa.

Kwa kizazi kizima, “fungua moyo, ongea, utajisikia vizuri” ilikuwa maneno ya mpelelezi. Sasa mjukuu anarudi kutoka chuo, Dedan Kimathi ama Karatina, amehudhuria kikao cha mshauri nasaha, anamwambia shosho kwa Kiswahili laini: cucu, ni vizuri kuongea mambo yako. Unashangaa anavyokuangalia?

Kuna kitu kingine ambacho huwa tunakisahau tukisema mababu hawakujua mambo ya akili. Walijua. Kikuyu kina kieha, huzuni inayokaa. Kina meciria maingi, mawazo mengi, na mtu akisemwa ana meciria maingi wote pale wanajua si sifa ya msomi. Zaidi ya hayo kulikuwa na thahu, uchafu unaompata mtu aliyegusa maiti, aliyemwaga damu, aliyeona yasiyofaa kuonwa. Mwenye thahu hakuambiwa ajikaze. Aliitiwa mundu mugo, mbuzi akachinjwa, akatapishwa ile kitu kwa maneno na dawa mbele ya watu wake, na baada ya hapo akarudishwa kwenye maisha ya kawaida. Jomo Kenyatta alieleza tohara, ndoa na tambiko nyingi za aina hii katika kitabu chake cha 1938. Sitaki kuyapamba. Thahu pia ilitumika kuwatenga watu, na wengine waliumia kwa sababu yake. Lakini angalia umbo lake: kuna jambo baya limekupata, halikuwa kosa lako, lina jina, lina mtu wa kuliendea, lina siku ya kuisha, na jamaa zako wapo wanashuhudia likiisha. Mimi nikisoma jinsi terapi inavyofanya kazi siku hizi naona vitu vingi vya kujulikana hapo.

Emajensi ilileta thahu ya maelfu kwa wakati mmoja, huku ikivunja kila kitu kilichotumika kuiondoa. Wamisheni walikuwa wameshaipiga vita tambiko. Mbuzi walitaifishwa. Mikusanyiko ilipigwa marufuku. Na miili yenyewe haikuwepo. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama za Emajensi, na familia hazikukabidhiwa miili. Waliokufa msituni walibaki msituni. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa hapa kwetu Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kaburi lake mpaka leo halijulikani liko wapi hasa ndani ya lile gereza. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mifupa ya mumewe kwa serikali baada ya serikali, akafariki Mei 2023 bila kuipata. Miaka 66. Na huyo ni mke wa mtu mwenye sanamu katikati ya Nairobi. Sasa waza yule mama wa Mathira ambaye mumewe alitoka usiku 1953, hana sanamu, hana barua, hana tarehe. Utamlia vipi mtu ambaye hujui kama amekufa? Utaolewa tena? Utawaambia watoto nini? Wengi waliwaambia watoto kitu kimoja, “baba alisafiri,” na watoto wakajifunza kutouliza.

Uhuru ulipokuja ungedhani watu wangeachia pumzi. Mzee Kenyatta alisema tusahau yaliyopita, sote tulipigania uhuru. Naelewa mantiki yake ya kisiasa. Kwenye kilima kimoja ulikuwa na aliyetoka msituni, aliyetoka kizuizini, na homugadi aliyemchomea nyumba, wote wakichota maji mto mmoja. Tena ugawaji wa mashamba ulikuwa umefanywa wakati wengine wako kambini, na waliorudi wakakuta mipaka mipya. Nusu ya kesi za ardhi ninazosikia zikinong'onwa kwenye mazishi ukizifuata nyuma zinafika hapo. Lakini kusahau kwa amri kuna bei yake. Mau Mau kama chama kilichopigwa marufuku na wakoloni 1950 kilibaki marufuku kwenye sheria za Kenya huru mpaka 2003. Miaka 40 baada ya bendera kupanda! Hao wazee walikuwa wananyamaza kisheria.

Pale Nyeri mjini kuna mnara wa kumbukumbu ambao tumeupita mara elfu tukienda steji. Maandishi yake, kwa Kiingereza, yanasema ni kwa ajili ya watu wa kabila la Kikuyu waliokufa wakipigania uhuru, 1951 hadi 1957. Hayasemi walikufa mikononi mwa nani. Watalii wakija mjini wanaonyeshwa kaburi la Baden-Powell na kuambiwa jinsi Elizabeth alivyolala Treetops 1952 akaamka malkia. Ni historia ya kweli, sina neno. Nashangaa tu kwamba nilimaliza shule nikijua binti mfalme alilala wapi, nikiwa sijui shosho yangu alilala wapi.

Na Waingereza wenyewe walinyamaza pia. Wakiondoka, faili nyingi zilichomwa na nyingine zikasafirishwa kwenda kwao. Mwaka 2011, kesi ikiwa mahakamani London, serikali yao ilikubali kwamba ilikuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yaliyofichwa mahali paitwapo Hanslope Park, yakiwemo ya Kenya. Kesi hiyo ilifunguliwa 2009 na wazee wachache wa Kenya. Mmoja ni Wambugu wa Nyingi, aliyeponea Hola. Mwingine ni Jane Muthoni Mara wa Kirinyaga, aliyekamatwa akiwa msichana kwa kuwapelekea wapiganaji chakula. Julai 2012 walikuwa London, watu wa zaidi ya miaka sabini, wakieleza katika ushahidi wao mambo waliyofanyiwa kwenye miili yao, mambo ambayo wengi wetu hatungeweza kumwambia hata rafiki. Oktoba mwaka huo jaji akasema kesi iendelee. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ikasimama bungeni ikasema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Pesa hiyo watu wameibishania sana, kama ni nyingi ama ni matusi. Mimi huwa nafikiria zaidi kuhusu Mama Jane akiyatamka yale maneno. Daktari wa 1954 alikuwa amesema mtu kama yeye hana undani wa kuumia hivyo.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema, sawa, lakini mimi nina miaka 21, tatizo langu ni kazi hakuna na mkopo wa HELB, Mau Mau inaingia wapi? Swali halali. Siamini kila mtu mlimani ana stresi kwa sababu ya 1954, na ningekuwa mwongo nikisema hivyo. Kuna kodi, kuna kamari ya simu, kuna kuachwa. Mimi pia si daktari. Wataalamu walianza kuandika kuhusu watoto wa Wayahudi walionusurika kambi za Hitler tangu miaka ya 1960, na mpaka leo wanabishana jinsi maumivu yanavyopita kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Sehemu ambayo haihitaji mikroskopu ni hii: mtoto hujifunza namna ya kuhisi kwa kuangalia watu wazima wa nyumbani kwao. Guka aliyetoka Manyani hakuongea. Alimlea buda kwa mkono na kimya. Buda akajifunza kwamba mwanamume akiumia hukaa kimya, na ikizidi, anaenda mahali pa kunywa.

Hapo kwa kunywa sote tunajua. Tumezika majirani. Februari 2024 kule Kangai, Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa pombe haramu, na wengine wakapoteza macho. Kila baada ya miaka michache serikali hutangaza vita, kama 2015 wanasiasa walipozunguka na umati wakimwaga mitungi mbele ya kamera. Baa zinafungwa, zinafunguliwa. Sijasikia katika msako hata mmoja mtu akiuliza wale wanaume wanakunywa nini hasa kwenye hiyo glasi. Sisi vijana tunachekesha na mimi wa kwanza: mwanamke wa Nyeri na sufuria, mwanamume wa Nyeri amevaa helmeti kitandani. Tumecheka miaka zaidi ya kumi. Ndani ya hicho kichekesho kuna nyumba halisi ambamo mwanamume hawezi kusema amepigwa na mwanamke hawezi kusema amechoka, na kichekesho chenyewe ndicho kinachohakikisha hawatasema.

Na kwa aliyefika mwisho kabisa wa kamba, sheria ilikuwa inamngojea. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Tulikirithi kutoka sheria za Kiingereza. Uingereza yenyewe iliiondoa kwao 1961, kabla hatujapata uhuru. Sisi tuliendelea nayo. Mtu anatolewa hospitalini, polisi yuko mlangoni. Ilifika tarehe 9 Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilikuwa limeshapendekeza 2020 kwamba afya ya akili itangazwe janga la kitaifa. Kwa hiyo kama ni wewe uko mahali pabaya usiku huu unaposoma, hakuna sheria unayoivunja kwa kusema. Laini ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bure, wanapokea.

Nimekuwa nikijaribu kitu nyumbani na nitakisema tu kilivyo. Niliacha kuuliza shosho maswali makubwa. Ukimuuliza “Emajensi ilikuwaje,” atakwambia ulishe ng'ombe. Nilianza kuuliza vitu vidogo vya mikono. Mlipika na nini? Maji yalitoka wapi? Nani alikuwa anakusuka? Hayo anajibu. Nilimwambia pia, kwa Kikuyu kwa sababu kwa Kiswahili lilinitoka vibaya, kwamba mimi mwenyewe mwaka jana nilikuwa na kieha, muda mrefu, mpaka nikaenda kumwona mtu hospitalini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile kauli ya wazungu. Hakuisema. Aliuliza nilikuwa nalala usiku ama nilikuwa naona kunakucha.

Nikamwambia nilikuwa naona kunakucha.

Akasema, hata mama yake, wakiwa kule gichagi, alikuwa anaona kunakucha. Baada ya yule mdogo. Akataja jina lake. Nimelibeba hilo jina wiki tatu sasa, na sitaliandika hapa, ni letu. Jumapili ameniambia nimpeleke mahali kijiji kilipokuwa; ni shamba la chai la mtu siku hizi, lakini anasema handaki halikufukiwa lote, ukijua pa kusimama bado unaliona.